Nashinda kitini, na gimu imenishinda mara tatu: nianzie wapi?

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Nina umri wa miaka 43, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni uhasibu. Nashinda kitini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na nikitoka hapo nakaa tena kwenye basi dakika 50. Nikifika nyumbani ni kupika, kukagua kazi za shule, kuoga na kulala. Simu yangu huhesabu hatua, na siku za kazi sivuki 3,000.

Nimejiandikisha gimu mara tatu. Mara ya kwanza nilidumu wiki saba, ya pili wiki tatu, ya tatu siku nne. Hiyo ya mwisho, siku ya kwanza tu mwalimu alinikimbiza nusu saa kwenye mashine, kisha akanichuchumaza kwa kuruka mara 60. Kesho yake sikuweza kushuka ngazi, na magoti yaliniuma wiki mbili. Sikurudi.

Mwezi uliopita nilipimwa shinikizo la damu, likasoma 136 kwa 86. Daktari akasema bado si la kunipa dawa, "ongeza mazoezi", basi, akaita mgonjwa mwingine. Niongeze wapi? Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Nikipanda kwa miguu nafika nikihema hadi naona aibu kusalimia watu, kwa hiyo napanda lifti. Magoti nayo huuma ngazini, hasa ninaposhuka.

Wapo wanaosema lazima hatua 10,000 kwa siku, na wapo wanaosema bila nusu saa mfululizo hupati kitu. Mimi nusu saa mfululizo sina. Je, vipande vya dakika tano tano vina faida, au najidanganya? Na kwa magoti haya nianze na nini, kiasi gani? Naomba unitajie kwa namba, maana "jitahidi" nimeambiwa vya kutosha.

Mama wa Wawili

JIBU

Dada yangu Mama wa Wawili,

Hujidanganyi. Vipande vya dakika tano tano vina faida, na hata vya dakika moja moja. Zamani miongozo ya afya ilitaka kila kipande kifike angalau dakika 10 ndipo kihesabike. Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Kinachotazamwa sasa ni jumla ya wiki: kwa mtu mzima, dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za shughuli kali, au mchanganyiko ambapo dakika moja ya kali huchukuliwa kama mbili za wastani. Juu ya hapo, siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa ya mwili. Gawa 150 kwa siku saba, unapata dakika 21 na ushee kwa siku. Hizo tutazitafuta ndani ya siku yako kama ilivyo.

Kabla ya hapo niondoe jambo moja moyoni mwako. Kuacha gimu mara tatu hakukufanyi mvivu. Mtu anayetembea hatua 3,000 kwa siku hapewi kuchuchumaa kwa kuruka mara 60 siku ya kwanza, hata awe na moyo wa chuma. Misuli inapobeba uzito huku ikirefuka, kama unapotua baada ya kuruka au unaposhuka ngazi, nyuzi zake hupata majeraha madogo madogo, na maumivu yake hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baadaye. Hayo ya misuli hupita yenyewe. Magoti kuuma wiki mbili ni kitu kingine: ni dalili kwamba ulibebeshwa mzigo uliozidi uwezo wa viungo vyako wakati ule. Kosa lilikuwa la ratiba.

Na ujue kwamba ushahidi wa awali kabisa kuhusu mazoezi na moyo haukutoka kwenye gimu. Ulitoka kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo yaliyolinganisha madereva na makondakta wa mabasi hayo. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Hawakuvaa nguo za michezo wala kutenga saa ya mazoezi. Walipanda vidato vichache, wakatulia, wakapanda tena. Wewe leo ni dereva wa basi lile. Tunachotafuta ni kukupa sehemu ya kazi ya kondakta.

Kuhusu hatua 10,000: namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kibiashara, ikabaki vinywani mwa watu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000. Waliofika wastani wa hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa takriban asilimia 41 kuliko waliokuwa kwenye 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Wewe ni mdogo kwao kwa miaka mingi, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ukomo wako. Ichukue kama jibu la swali la wapi faida kubwa ilipo: ipo pale pale chini, kwa mtu anayetoka 3,000 kwenda 5,000, kisha 7,000. Weka 7,000 kuwa shabaha ya miezi miwili ijayo, na usijilaumu hata kidogo kuhusu hizo nyingine.

Sasa tufike panapokosewa zaidi, nako ni kasi. Hatua za kuzunguka jikoni zinahesabiwa na simu, lakini nyingi hazipandishi mapigo ya moyo. Shughuli ya wastani ina kipimo rahisi: unaweza kuongea sentensi nzima, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, uko polepole mno. Ukiweza kutoa maneno matatu manne tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia kwenye kali. Kama unataka namba, hesabu hatua zako kwa sekunde 15 ukiangalia saa. Zikifika 25, hiyo ni hatua 100 kwa dakika, na kwa watu wazima wengi hapo ndipo wastani unapoanzia. Zikifika 32 au 33, yaani 130 kwa dakika, wengi huwa wameingia kwenye kali. Watu wengi wakijipima mara ya kwanza hukuta wako 20 au 22, na huwa walidhani wanatembea haraka.

Ukitaka kuongeza kasi, usirefushe hatua. Hili nalisisitiza kwa sababu ya magoti yako. Mguu unapotupwa mbali mbele, kisigino hutua mbele ya mwili na kufanya kazi ya breki. Mshtuko hupanda kwenye goti, na misuli ya mbele ya muundi huchoka ndani ya dakika chache na kuanza kuwaka. Fupisha hatua, ziwe nyingi zaidi kwa dakika. Kunja viwiko nusu, kama pembe ya mraba, kisha uchezeshe mikono nyuma na mbele. Mikono ikienda haraka, miguu hufuata bila kulazimishwa. Macho yaangalie mita 10 au 15 mbele, si kwenye simu. Kama una mkoba mzito, hamia kwenye begi la mgongoni la kamba mbili, maana mkoba wa bega moja hufunga mkono mmoja na kuupinda mgongo. Viatu vya kazi vikae ndani ya begi, utembee na raba.

Tuipange siku yako. Wiki ya kwanza na ya pili weka kipande kimoja tu: dakika 10 baada ya chakula cha mchana, kwa kasi ya hatua 100. Nimekianza hicho makusudi. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kusubiri kazi yote ifanywe na insulini, na baada ya kula ndipo sukari inapopanda. Kwa hiyo dakika 10 zilezile zina kazi mbili zikiwekwa hapo. Pia hazigusi asubuhi yako wala watoto. Nenda dakika tano upande mmoja, geuka, rudi. Hiyo ni hatua kama 1,000, umefika 4,000.

Wiki ya tatu na ya nne ongeza jioni: shuka basi kituo kimoja kabla ya chako, penye umbali wa kama kilomita moja, utembee. Kilomita moja kwa mwendo huo ni dakika 12, hatua 1,200 hadi 1,400. Kama njia si salama au giza limeshaingia, usilazimishe. Zungukia dakika hizo 12 karibu na ofisi kabla ya kupanda basi. Wiki ya tano na ya sita fanya vivyo hivyo asubuhi. Nimeiweka asubuhi mwisho kwa sababu ndiyo hufa upesi. Mtu akichelewa kazini mara mbili kwa ajili ya kutembea, huacha kabisa, na akiacha asubuhi huacha na mengine. Dakika tatu za mwisho punguza mwendo ili jasho likauke kabla hujaingia ofisini.

Ukifika hapo, hesabu: 10, 12 na 12 ni dakika 34 kwa siku, mara siku tano ni 170. Umevuka 150 bila kugusa Jumamosi na Jumapili, na hata ukipoteza kipande kimoja kimoja huku na huko hutakuwa mbali. Hatua nazo zitakuwa kwenye 6,500. 500 zilizobaki zitatoka kwenye ngazi na kwenye kuinuka kitini.

Ngazi. Kuhema kwako unapofika ghorofa ya tatu, kwa mtu aliyekaa miaka, mara nyingi ni moyo na misuli kukosa mazoea. Kupanda ngazi ni kazi kali; hata mtu mwenye mazoezi huhema. Lakini naomba jambo moja: ukirudi kwa daktari, mwombe akupime wingi wa damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, na husababisha kuhema kulekule ambako mtu hudhani ni uvivu. Ukiwa nao, hakuna ratiba itakayokwenda vizuri kabla haujatibiwa.

Anza hivi: panda ghorofa moja kwa miguu, kisha ingia lifti ikumalizie. Wiki mbili za kwanza mara moja kwa siku, inatosha. Wiki ya tatu panda mbili. Wiki ya tano au ya sita panda zote tatu, kwa mwendo ambao unaweza kusimama juu na kusema "habari za asubuhi" baada ya pumzi tatu nne. Kila kidato weka unyayo wote, kisigino kisining'inie nje. Inama kidogo mbele kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, kisha sukuma kwa kisigino ili makalio yafanye kazi pamoja na mapaja. Angalia goti lako: lielekee usawa wa kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani kuelekea goti la pili, hapo ndipo mfupa wa pia ya goti husuguana vibaya na maumivu huanza. Shika reli ukihitaji.

Kushuka, tumia lifti kwa wiki sita za mwanzo. Wengi hudhani kushuka ndiko rahisi kwa sababu hakuchoshi pumzi. Kwa goti ni kinyume: paja linabeba mwili mzima huku likirefuka, na pia ya goti hugandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Ndiyo maana unaumia zaidi unaposhuka. Dawa yake ni paja lenye nguvu, na tunakuja huko sasa hivi.

Kwa maumivu tumia kanuni hii. Yape namba kuanzia 0 hadi 10. Hadi 3 wakati wa zoezi, na yakatulia kufikia asubuhi ya kesho, endelea. Yakifika 4 na 5, au ukiamka kesho goti likiuma zaidi ya lilivyozoea, rudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita, usiache kabisa. Goti likivimba, likijifunga, au likilegea ghafla kama linataka kukuangusha, hilo ni la kuonwa na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Sasa nguvu, sehemu ambayo karibu kila anayetembea huisahau. Misuli huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya 30 hivi, na kutembea peke yake hakuirudishi. Kwako zoezi kuu ni kuinuka kitini, na nitalieleza kwa kina kwa sababu likifanywa ovyo ni kupoteza wakati, na likifanywa sawa linatibu mapaja, makalio na ngazi zako kwa pamoja.

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, urefu wa sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, visigino virudi nyuma kidogo, viwe nyuma ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama kuanzia nyongani hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu. Hapo utahisi uzito umehama kutoka kwenye makalio kwenda kwenye nyayo. Bila kuhama huko utajikuta unajirusha, na kujirusha hakujengi kitu. Toa pumzi, inuka kwa sekunde moja au mbili, nyooka kabisa, bana makalio. Kisha rudi chini kwa sekunde tatu ukihesabu, hadi uguse kiti kama unayekalia yai. Ukidondoka sentimita kumi za mwisho, ndipo udhaifu wako ulipo. Weka mto kwenye kiti kuinua urefu, na uuondoe baada ya wiki chache. Usibane pumzi. Kubana pumzi huku ukisukuma hupandisha shinikizo la damu ghafla, na wewe hilo hulitaki.

Fanya mara nane, pumzika dakika moja, rudia mara nane. Siku mbili kwa wiki zisizofuatana, tuseme Jumanne na Ijumaa. Ukiona nane zinakwenda na ungeweza kuongeza nne nyingine, panda hadi 10, kisha 12. Ukifika 12 kwa raundi mbili bila taabu, kumbatia begi la kilo nne au tano kifuani na urudi kwenye nane. Mwili usiposhtushwa na mzigo mpya kila baada ya wiki mbili tatu, hubaki pale ulipo.

Siku hizohizo ongeza vitu viwili. Pushapu za ukutani: simama umbali wa mkono na nusu hatua kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili unyooke kama ubao, shuka sekunde mbili, sukuma, mara 10, raundi mbili. Zikiwa rahisi, hamia kwenye ukingo wa meza imara isiyoteleza. Kisha daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio hadi mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, shikilia sekunde tatu; mara 10. Vyote kwa pamoja havifiki dakika 12. Vigimbi na usawa wa mwili vipatie muda wa kupiga mswaki: asubuhi nyanyua visigino mara 15, usiku simama mguu mmoja sekunde 20 kila upande, mkono ukiwa karibu na sinki.

Kukaa kwenyewe pia kushughulikie. Kila baada ya dakika 30 hadi 45 inuka, tembea au chuchumaa nusu kwa dakika mbili. Kusimama tu bila kutikisika hakusaidii sana. Hutumia nguvu kidogo tu zaidi ya kukaa, na ukisimama saa nyingi miguu na mgongo huuma. Kinachotakiwa ni misuli ya miguu ijikaze na kulegea, ndiyo inayosukuma damu kurudi juu na kutumia sukari. Wengi huweka alamu kwenye simu, na kufikia siku ya tatu wanaizima bila hata kuiangalia. Funga kuinuka kwako kwenye jambo linalotokea lenyewe. Badilisha chupa kubwa ya maji kwa kikombe cha mililita 250, utalazimika kwenda kujaza. Kila simu ikiita, pokea ukiwa umesimama na utembee. Ujumbe kwa mtu wa chumba cha pili, upeleke kwa miguu. Ukifunga hesabu ya faili moja, inuka kabla ya kufungua nyingine. Jiwekee kwa maneno kamili: "Nikimaliza kula, nitavaa raba na kutoka nje." Sentensi yenye wakati na tendo hushika kuliko "leo nitajitahidi kutembea".

Na usitegemee mazoea kuja kwa siku 21 kama isemwavyo. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, mwaka 2010, walikuta jambo jipya lilichukua siku 66 kwa kati hadi lijiendeshe lenyewe, kuanzia siku 18 kwa mmoja hadi makadirio ya 254 kwa mwingine. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukiumwa au ukisafiri wiki nzima, rudi na theluthi mbili ya ulichokuwa ukifanya, kisha baada ya siku tano sita rudi kwenye kiasi chako. Kurudi na kiasi kamili ndiko huumiza watu.

Tahadhari nyingine: wiki ya tatu hadi ya tano utajisikia mwepesi na utataka kuongeza mara mbili. Usifanye. Pumzi na misuli huitikia upesi, kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo unajisikia una nguvu kabla kano zako hazijakubali. Hapo ndipo maumivu ya unyayo, kisigino na muundi hutokea. Angalia pia kujilipa bila kujua: mtu akitembea mchana, jioni hukaa zaidi na kutuma watoto kila kitu. Siku ikiisha hatua ni zilezile. Kwa hiyo soma jumla ya siku, si kipande kimoja.

Shinikizo lako la damu likasomwe upya kwa utaratibu, maana kipimo kimoja cha haraka hakitoshi. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na iwe angalau nusu saa baada ya kutembea au kunywa kahawa. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, andika zote. Kwa watu wenye shinikizo la juu, mazoezi ya kutembea yakiwa ya kudumu hushusha namba ya juu kwa kama 5 hadi 8, na inachukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu kuonekana. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze zoezi lolote kabla ya kumwona daktari. Na wakati wowote ukihisi kifua kubana, maumivu kwenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo kupiga ovyo na usitulie ukikaa, simama papo hapo na uende hospitali, usisubiri kipite.

Jioni ya leo, kabla hujaanza lolote, jipime. Kaa kwenye kile kiti, mikono kifuani, na mtoto akushikie saa. Hesabu unainuka mara ngapi kamili kwa sekunde 30. Iandike na tarehe ndani ya mlango wa kabati. Rudia baada ya wiki sita, kiti kilekile, viatu vilevile. Kesho, baada ya chakula cha mchana, ni dakika tano kwenda na tano kurudi.